Maji Yanayopotea Ukutani



Nyumba tunayopanga sisi hapa Mchafukoge ina ghorofa tatu na mita moja ya maji. Bili ikija, wapangaji hugawana sawasawa. Ni desturi njema, maana huepusha ugomvi wa kuhesabiana ndoo. Lakini ina udhaifu wake, nami niliuona bafuni kwangu.

Bomba linalopeleka maji kwenye bafu la mvua lilikuwa likivuja ndani ya ukuta. Nililijua jambo hilo kwa doa la unyevu, na kwa mita iliyokuwa ikizunguka usiku wa manane, hali nyumba nzima imelala. Nikasema moyoni ya kwamba nyumba si yangu, wala ukuta si wangu. Nikakaa hivyo miezi mitatu.

Je, ule ulikuwa uzembe tu, ama ulikuwa wizi? Rafiki yangu mmoja asema hauwezi kuwa wizi, kwa kuwa sikupata hata kikombe kimoja cha ziada. Nakubali kwamba mtu halaumiwi kwa lile asilolijua. Lakini tangu usiku ule nilipoitazama mita, nilijua. Tone moja kila sekunde hufika kama lita nne kwa siku, na letu halikuwa tone. Sehemu ya maji hayo ililipwa na mama mjane wa chini, muuza maandazi, ambaye hatumii zaidi ya ndoo mbili. Mimi nilibakiza fedha ya bomba mfukoni, yeye akalipa. Basi faida nilipata. Tena maji yenyewe ni ya mto Ruvu, na ulipopungua mwishoni mwa mwaka 2022, mgao haukuchagua aliyevujisha na asiyevujisha.

Nilipopata ruhusa ya mwenye nyumba nilifunga koki kuu, nikabomoa plasta kwa tindo, nikalikuta bomba la chuma limeliwa na kutu penye uzi. Gerezani nilikatiwa kipande kipya cha nusu inchi, nikanunua na yunioni. Nilizungusha tepu nyeupe kwenye uzi, nikakaza, nikafungulia maji. Pakavu! Mke wangu akashauri tusizibe ukuta hadi asubuhi.

Asubuhi palikuwa na unyevu kwenye kiungo kimoja, mdogo kama kichwa cha kiberiti. Saruji ilikwisha kuchanganywa. Nakiri nilisimama pale kitambo, mwiko mkononi, kwa maana hakuna ambaye angejua kabla ya mwaka kwisha. Saruji ile ilitupwa, kiungo kikafunguliwa na kufungwa upya.

Likabaki deni. Sikuweza kufuata mfano wa Zakayo wa kurudisha mara nne, mshahara hauruhusu, ila nilipiga hesabu ya ile miezi mitatu nikateremka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nyundo zako zimenyamaza?"

Nikamweleza yote, nikamtolea fedha. Alizihesabu polepole, asiseme kwamba si neno, jambo ambalo nilikuwa nimelitumaini kidogo. Akazifunga kwenye pindo la khanga. Kisha akaniuliza kama wale wa ghorofa ya pili nao watarudishiwa zao.

Nilikuwa sijawafikiria.