Nani Hulipa Gharama ya Usafi?

Kila dini ninayoijua huwa na watu wanaoamka siku moja wakasema: imechafuka, tuisafishe. Huitazama ibada ya wazee wao, wakaona imejaa mazoea yasiyomo Kitabuni. Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: mtu ana haki kiasi gani ya kusafisha dini, iwapo dini hiyo si yake peke yake?

Kwa upande wa Wakristo, mfano mashuhuri ni Wapuritani wa Uingereza. Jina hilo walibandikwa kwa kejeli katika karne ya 16, kwa maana ya watu wanaojidai usafi. Wao waliona kwamba Kanisa la nchi yao, ingawa lilikwisha kujitenga na Roma, lilibaki na mapambo na desturi zisizo na ushahidi katika Biblia. Maisha yao yalikuwa ya kujihesabu. Baba alisoma Maandiko pamoja na watu wa nyumbani mwake. Jumapili kazi na michezo ilikoma. Wengi waliandika habari za siku zao daftarini, wakijiuliza wamekosa wapi. Kazi yoyote ya halali, hata ya ufundi au shamba, waliihesabu kuwa wito wa Mungu. Mwaka 1630 mamia yao walivuka bahari kwenda Massachusetts. Mwaka 1636 walianzisha chuo ambacho leo ni Harvard, na mwaka 1647 wakatunga sheria kwamba kila mji wenye kaya 50 uweke mwalimu wa kusoma na kuandika.

Kwa hayo walilipa wenyewe: waliacha nyumba zao na makaburi ya wazee wao. Lakini watu hao hao, mwaka 1659, waliweka faini kwa atakayesherehekea Krismasi. Mwaka 1660 walimnyonga Mary Dyer mjini Boston, kwa kuwa alikuwa wa madhehebu ya Quaker, akafukuzwa, naye akarudi. Mwaka 1692, kule Salem, watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi. Hapo gharama ya usafi alilipishwa jirani.

Sisi wa pwani ya Lindi tusiyaone mambo haya kuwa ya mbali. Mwaka 1908, majivu ya Maji Maji yakiwa bado ya moto, barua ilizagaa Lindi, ikisemekana imetoka Makka. Ilisimulia ndoto ya mtumishi wa kaburi la Mtume, ikawaonya Waislamu kwamba wameacha sala na Kiyama kimekaribia, na ikaagiza inakiliwe na kupelekwa mbele. Wajerumani walishtuka, wakadhani ni uasi mwingine. Uasi haukutokea. Barua ile ilitumia hofu, sikatai. Lakini aliyeisoma alitakiwa kwanza atazame sala yake mwenyewe.

Leo kwetu Mchinga mjadala ni wa maulidi, dhikiri na khitma. Vijana waliosoma wanasema ni bidaa. Wazee wanajibu kwamba ndiyo dini waliyoipokea. Mimi nawaona vijana kuwa na hoja: nimeshuhudia wafiwa wakikopa mchele na mbuzi ili watu wale, wakabaki na msiba na deni.

Kijana mmoja alikataa kuingia katika khitma ya mama yake mzazi. Alikaa chini ya mnazi, macho mekundu. Mjomba wake akamletea sahani.

"Mjomba, hii ni bidaa."

"Mwanangu, mimi sikukuletea ibada. Nimekuletea chakula. Hujala tangu jana."

Hakula. Wengi walimlaumu. Lakini asubuhi yake alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani anamdai marehemu, akalipa muuza samaki, akalipa dukani, hata kikoba cha jirani. Sisi tuliokula pilau hatukuwa tumekumbuka deni hilo. Ukali wake aliulipia mwenyewe, kwa machozi na kwa fedha. Simweki fungu moja na wale wanaowaita wazazi wao washirikina mbele za watu, wakakataa kusali nyuma yao. Hao usafi wao hulipiwa na mzee aliyevunjiwa heshima.

Hata hivyo nisiseme kwamba dawa ni kulegeza dini. Samuel Sewall alikuwa mmoja wa mahakimu waliohukumu Salem. Mwaka 1697 alisimama kanisani, mbele ya majirani zake, wakati mchungaji akiwasomea watu maandishi yake ya kukiri lawama. Mwaka 1700 akachapisha kijitabu cha kupinga biashara ya watumwa. Sisi tunaoishi kati ya Kilwa na Lindi tunajua uzito wa jambo hilo. Hakuacha Upuritani ili kuyafanya hayo. Mazoea yale yale ya kujihesabu ndiyo yaliyomsimamisha.

Basi kipimo changu ni hiki. Anayetaka kusafisha dini asiulizwe kwanza amesoma wapi, wala ana hoja ngapi. Aulizwe nani atalipa. Akijibu, "Mimi," tumwache apite, na pengine tumfuate. Akimwonyesha jirani kidole, tumzuie, hata kama hoja yake ni sahihi.