Shaka Si Ushahidi

Wahenga walisema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Kila baada ya uchaguzi methali hiyo hutupiwa mgombea aliyekwenda kushtaki, kana kwamba kwenda mahakamani ni utovu wa adabu. Sisi hatuoni hivyo. Apelekaye malalamiko yake mbele ya majaji amekubali kuulizwa na kujibiwa, naye amewaepusha wafuasi wake na mapanga na mawe. Wenzetu wa Kenya wanaijua thamani ya jambo hilo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, waliotangazwa kuwa wameshindwa walisema hawana imani na mahakama. Na katika ghasia za siku zile watu zaidi ya 1,000 walipoteza maisha.

Lakini liko swali linaloulizwa katika nyumba nyingi. Mbona basi mashtaka ya kutengua uchaguzi hukataliwa mara nyingi? Je, majaji huwaogopa wakubwa? Haifai kulijibu swali hili kwa hasira. Na tutazame jinsi Mahakama ya Juu ya Kenya, iliyoundwa kwa Katiba ya mwaka 2010, ilivyoyaamua mambo haya.

Mwaka 2013 mahakama hiyo ilikataa kuutengua ushindi wa Bwana Uhuru Kenyatta. Tarehe 1 Septemba 2017 ikafanya kinyume: majaji wanne dhidi ya wawili waliubatilisha uchaguzi wa rais, ingawa mshindi alitangazwa kumpita Bwana Raila Odinga kwa kura zaidi ya 1,400,000. Tarehe 5 Septemba 2022 majaji wote saba wakauthibitisha ushindi wa Bwana William Ruto, ingawa alimpita mpinzani huyo huyo kwa kura 233,211 tu. Basi wingi wa kura haukuuokoa uchaguzi ule, wala uchache wake haukuuangusha huu. Kipimo kilikuwa nini?

Kipimo kilikuwa ushahidi. Mwaka 2017 ilidhihirika kwamba matokeo yalitangazwa kabla fomu zote za vituo hazijapatikana, na Tume ya uchaguzi ilipoamriwa kufungua mitambo yake ya kompyuta ikaguliwe, haikutii ipasavyo. Aulizwaye hesabu akaficha daftari hujishuhudia mwenyewe. Mwaka 2022 fomu za vituo ziliwekwa hadharani, kila mtu azisome. Walalamikaji walidai kwamba zilibadilishwa njiani. Ukaguzi ulioamriwa na mahakama haukuona tofauti ya maana kati ya fomu zile na karatasi zilizofikishwa Nairobi. Hata makamishna wanne kati ya saba, walioyakana matokeo, hawakuleta uthibitisho kwamba hesabu ilichezewa.

Barazani twasema, "Lisemwalo lipo." Mahakamani hilo halitoshi, na ni haki lisitoshe, maana kura si mali ya wagombea. Mwaka 2022 Wakenya zaidi ya 14,000,000 walipiga kura. Mama aliyeamka alfajiri akasimama mstarini na mtoto mgongoni hayumo katika kesi, wala hana wakili. Jaji akiyafuta matokeo kwa sababu ya shaka tu, amemnyang'anya mama huyo haki yake bila kumsikiliza. Kwa hiyo sheria humtwika mzigo wa uthibitisho yule anayelalamika, nao ni mzito kuliko katika kesi ya kawaida ya madai, ingawa haufikii ule wa kesi ya jinai. Tena kosa dogo la karani halitoshi: sharti ionekane kwamba misingi ya uchaguzi ilivunjwa, au kwamba matokeo yenyewe yaliathirika.

Mtu atasema: Je, yule aliyeonewa kweli, lakini hawezi kuthibitisha? Katiba ya Kenya inampa siku 7 za kufungua shauri, na majaji siku 14 za kuamua. Yawezekana kweli ikaachwa nyuma. Hilo hatulikatai. Mahakama inaposema, "Haikuthibitishwa," haisemi kwamba hakuna aliyetenda ovu. Inasema tu yaliyoonekana mbele yake. Lakini tukiifanya shaka kuwa ushahidi, hakuna uchaguzi utakaosimama kamwe, maana kila aliyeshindwa anayo shaka yake. Dawa si kuupunguza uzito wa mizani. Dawa ni kuacha daftari wazi, ili mwenye haki apate cha kupima. Ndiyo sababu wajibu mkubwa kupita wote uko juu ya yule anayezitunza hesabu za kura.

Basi aliyeshinda kesi asijigambe kana kwamba ametakaswa, bali awatumikie na wale waliomshtaki. Aliyeshindwa aweza kuilaumu hukumu kwa hoja, lakini asiwatume vijana barabarani kudai kile alichoshindwa kukionyesha mchana kweupe. Nasi wazazi tuuangalie ulimi wetu wakati wa chakula. Watoto hutusikia tukisema, "Wameiba," nao hulibeba neno hilo mpaka kwa watoto wa jirani aliyechagua upande mwingine. Kabla hatujalitamka, na tujiulize lile ambalo jaji angetuuliza: "Wewe mwenyewe umeona nini?"