JE, KUNYAMAZA KWA MUUZAJI NI UWONGO?

Katika biashara zilizoenea siku hizi mojawapo ni kuuziana sarafu za kale kwa mnada wa intaneti. Muuzaji yuko mji huu, mnunuzi yuko mji mwingine, wala hawajuani. Na kitu chenyewe hakishikwi, ila huonwa kwa picha tu. Juu ya jambo hili twapenda kuuliza suali moja: muuzaji asiyesema uwongo hata kwa neno moja, lakini akanyamazia alijualo, je, huyu amesema kweli au amedanganya?

Natutwae mfano wa reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ambayo wazee wetu wa pwani waliifanyia biashara katika karne ya 19. Malkia huyo alikufa mwaka 1780, na sarafu imeandikwa 1780. Lakini baada ya kufa kwake iliendelea kupigwa kwa tarikhi ile ile, na katika karne ya 20 ilipigwa si Vienna peke yake, bali Roma, London, Paris na Bombay pia. Basi muuzaji aandikapo, "Reale ya 1780, fedha halisi," hakutamka uwongo: fedha ni fedha, na tarikhi ndiyo iliyoandikwa. Lakini ikiwa ajua ya kuwa ni ya juzi, na ajua ya kuwa mnunuzi ataidhania ni ya zaidi ya miaka 240, hapo ulimi wake ni safi na nia yake ni chafu.

Wako wasemao, "Mnunuzi ana macho, asiyejua na aulize." Hoja hii ina nguvu sokoni, ambako mtu huigeuza sarafu mkononi, akaipima, akamwita mwenziwe aliye mjuzi. Lakini katika mnada huu macho ya mnunuzi ni ile picha aliyoipiga muuzaji mwenyewe. Aliyeyashika macho ya mwenziwe hawezi kumlaumu kwa upofu. Kwa hivyo sisi twaona ya kuwa kadiri mnunuzi anavyopungukiwa na njia ya kujua, ndivyo wajibu wa muuzaji wa kusema unavyozidi. Na mbaya zaidi ni yule amwekaye rafiki yake aongeze bei bila ya nia ya kununua. Jambo hili wanachuoni waliliita najash, na lilikatazwa tangu zamani.

Lakini mnunuzi naye hana udhuru wote. Wengi huliwa kwa tamaa kuliko kwa ujinga. Mtu huona reale yauzwa rahisi, akadhani mwenyewe haijui thamani yake, akakimbilia kumpunja. Huyo naye anyamazia alidhanilo! Akija kupunjwa yeye, amlaumu nani?

Atakaye kununua kwa salama na afanye haya. Kwanza, atake picha za pande zote mbili na za ukingo, na aulize uzito: reale hii yapata gramu 28, na iliyopungua sana itiliwe shaka. Pili, atazame bei zilizokwisha kulipwa kwa sarafu kama hiyo, si bei zitakwazo. Tatu, ajiwekee mpaka kabla ya mnada, akihesabu ada ya mnada, posta na ushuru, wala asiuvuke. Nne, asome sharti za kurudisha, na alipe kwa njia ya wenye mnada, asimpelekee mtu pesa kando. Tano, sarafu ya bei kubwa iwe imekaguliwa na wakaguzi kama PCGS au NGC wa Marekani. Na nambari ya cheti aihakikishe kwao wenyewe, kwani hata makasha yao huigwa.

Jawabu letu basi ni hili: kuijua aibu ya kitu ni sehemu ya kitu. Auzaye sarafu akaficha alijualo, ameuza nusu na kupokea thamani ya nzima. Pesa za Mombasa zilizopigwa mwaka 1888 zina picha ya mizani. Wenye kuzitafuta leo kwa bei kubwa, wauzao na wanunuao, na waitazame picha ile kabla ya kuitazama bei.