Hela ya Serikali na Amri ya Saba

Binti mmoja wa kwaya ya vijana alinisubiri nje ya kanisa baada ya ibada. Yeye na wenzake walikuwa wamekopeshwa na halmashauri fedha za kununua mashine ya kukoboa mpunga. Mashine iliharibika, wawili wakaenda kwenye machimbo ya dhahabu, wengine wakatawanyika. Akabaki yeye, anarejesha kidogo kidogo kwa faida ya genge la mboga. "Mchungaji," akaniuliza, "wenzangu wananicheka. Wanasema ile ni hela ya serikali, haina mwenyewe. Je, mimi ni mjinga?"

Sikumjibu vizuri siku ile. Nilimtia moyo, nikamwombea, nikaenda kula. Hapa najaribu tena.

Wapendwa, hela ile ina mwenyewe. Tangu Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa irekebishwe mwaka 2018, kila halmashauri inawajibika kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani na kuyakopesha bila riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Musa aliwakataza Israeli kumtoza maskini riba (Kutoka 22, Walawi 25), na katika jambo hili sheria yetu iko karibu na Musa kuliko wakopeshaji wengi wa mjini Mpanda. Mapato ya ndani maana yake ni ushuru wa mazao, leseni za biashara, ushuru wa soko. Mama wa usharika wetu anayeuza dagaa sokoni ndiye aliyemkopesha yule kijana, ingawa hawajawahi kuonana. Na anayesubiri marejesho ni kijana mwingine aliyeandika barua ya maombi na bado hajaitwa.

Najua vijana watakachonijibu, na wana haki kulisema. Wapo wakubwa waliokula fedha hizi kupitia vikundi vya kwenye karatasi tu. Aprili 2023 serikali ilisitisha mikopo hiyo kwa sababu ya upotevu, ikairejesha mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Katika muda ule aliyemaliza kulipa na asiyelipa kabisa walifungiwa mlango mmoja. Luther, akifafanua amri ya saba katika Katekisimu Kubwa, aliwahesabu wezi waliokaa kwenye viti vya heshima kuwa wabaya kuliko mwizi wa mfukoni. Lakini deni langu haliko kwa yule mkubwa. Liko kwa mama wa dagaa, na yeye ameibiwa mara moja tayari.

Wengine hunijia na msamaha. Je, kanisa halihubiri kusamehe madeni? Linahubiri. Ila mfalme wa Mathayo 18 alisamehe fedha yake mwenyewe. Mimi siwezi kusamehe ushuru wa mama wa dagaa.

Mwaka 1523 Wakristo wa Leisnig, mji mdogo wa Ujerumani, walitunga kanuni ya sanduku la pamoja, na Luther akaiandikia utangulizi. Sanduku lilipaswa kuwa na kufuli nne, na waliolisimamia watoe hesabu mbele ya usharika mara tatu kwa mwaka. Mafundi maskini wangekopeshwa humo ili waanze kazi, na aliyejitahidi kwa uaminifu akashindwa angesamehewa. (Baraza la mji liligoma kukabidhi fedha. Kumbe si Katavi peke yake.) Waliotunga kanuni ile walimtofautisha aliyeshindwa na aliyekataa, na tofauti hiyo haionekani kwenye fomu. Anaijua jirani.

Nasi ndio majirani. Hapo ndipo dhamiri inaponisuta. Niliwahi kupokea madhabahuni sadaka ya shukrani ya kijana aliyenunua pikipiki kwa mkopo wa namna hii, nikaibariki pikipiki, na baadaye nikajua kwamba harejeshi hata shilingi. Aliendelea kutoa sadaka, nami niliendelea kupokea. Sikumwuliza, kwa sababu tulikuwa tunachangia bati za kanisa.

Kwa hiyo, binti yangu, wewe si mjinga. Lakini pia sitakwambia ubebe sehemu ya wenzako wote huku ukiimba. Paulo katika Wagalatia 6 anasema tuchukuliane mizigo, na mistari michache mbele anasema kila mtu atauchukua wake. Ulio wako unaubeba. Kuwatafuta wenzako, na kwenda nawe kwa afisa maendeleo ya jamii kueleza habari ya mashine iliyokufa, ilipaswa kuwa kazi yetu.

Mwezi uliopita nilikwenda machimboni na mzee mmoja wa kanisa. Wa kwanza tulimkuta. Alituonyesha mikono yake, akaahidi kutuma kitu mwisho wa mwezi, na ametuma elfu ishirini. Wa pili alituona kwa mbali, akazima simu. Tutarudi baada ya mavuno. Na yule wa pikipiki nimemwandikia, naye bado hajanijibu.