Kusifu

Mfugaji wa Nyakakika, huko Karagwe, akipotelewa na ng'ombe hamwambii jirani yake kwamba amepoteza ng'ombe mzuri, mpole, kipenzi cha wote. Humtajia rangi, na lugha za nchi hizo, hadi Ankole na Rwanda, zina majina mahsusi ya rangi za ng'ombe, kama bihogo, yaani mwekundu wa kukolea. Kisha humtajia mkunjo wa pembe, baka la ubavuni, sikio lililochanika. Jirani ambaye hajapata kumwona mnyama huyo atamtambua kati ya arobaini. Lakini akifa mwenye ng'ombe, wasifu usomwao kaburini hutwambia kwamba marehemu alikuwa mcheshi, mchapakazi, mpenda watu. Maneno hayo yangemfaa aliyezikwa juzi, na yatamfaa wa kesho.

Kitenzi kusifu kimetokana na Kiarabu, ambako wasafa ni kueleza kitu kilivyo. Kutukuza kuna kitenzi chake kingine, madaha. Pwani tulivipokea vyote viwili, ila kumadihi kikabaki katika kasida, na kusifu kikatwishwa mizigo miwili. Maana ya kale haikufa: tangazo la kazi hutaja sifa za mwombaji, na mtu aweza kuwa na sifa mbaya. Wako waionao hali hii kuwa kasoro ya lugha. Mimi naiona ni sharti: asiyejua kitu kilivyo hana cha kukisifia.

Je, kueleza peke yake kwatosha? La. Mwaka 1861 John Hanning Speke alifika Karagwe kwa mfalme Rumanyika, na katika kitabu chake cha 1863 amesimulia alivyompima mkono, kifua na paja shemeji wa mfalme, mwanamke aliyeneneshwa kwa maziwa. Hata kama kila kipimo ni sahihi, unene uliokuwa uzuri na heshima katika nyumba ile umegeuzwa kioja. Speke alieleza, hakusifu.

Nchi hizo hizo zina kivugo, utanzu ambao wataalamu wetu, M. M. Mulokozi akiwamo, huuweka katika kundi la sifo. Kwa Kinyarwanda, kwivuga ni "kujisema". Mtafsiri akiandika "kujisifu", msomaji wa pwani husikia majivuno, na mgema na tembo lake humjia akilini papo hapo. Kumbe mwenye kivugo husimama mbele ya wenzake, baadhi yao walikuwapo siku ile ya vita, wanajua nani alirusha mkuki na nani alikimbia.

Siku hizi niombwapo kuandika wasifu wa marehemu, siulizi alikuwa mtu wa namna gani. Huuliza alikuwa akifanya nini jioni. Mjane mmoja alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Akihesabu ng'ombe kwa majina. Likikosekana moja, hali chakula."