Aliyekosea Aseme Mapema

Wiki nzima ushauri wa "kausha tu" umenikera. Ndio aliopewa binti wa dada yangu, mhitimu wa ualimu wa Mkwawa kule Iringa, alipogundua kwamba maombi ya kazi aliyokwisha kuyatuma kwenye shule moja ya binafsi hapa Mbeya yana kosa.

"Shikamoo, mjomba. Mambo yameharibika," alinipigia usiku.

Wasifu wake ulichapwa steshenari, Kihesa, hukohuko Iringa. Kijana wa pale alichukua wasifu wa mteja mwingine, akafuta majina na kuweka ya binti yetu. GPA akaisahau. Ikabaki 3.8 ya mwenyewe, ilhali transkripti iliyoambatanishwa inasema 3.2. Hata mdhamini wa tatu alikuwa mhadhiri ambaye binti hamjui kwa sura wala kwa jina.

Kama ingekuwa herufi iliyodondoka, ningemwambia alale. Lakini 3.2 ni daraja la pili la chini, 3.8 ni la juu.

Rafiki zake wanasema transkripti si ipo, wataona wenyewe? Wataona, na hapo ndipo pa kuogopa. Mkuu wa shule mwenye karatasi mbili zinazopingana mkononi hana habari na kijana wa steshenari. Anaona saini ya mwombaji. Nchi hii haijasahau Aprili 2017, Rais Magufuli alipokabidhiwa Dodoma taarifa ya watumishi 9,932 waliotajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Tangu hapo aliyekosea na aliyeghushi wanatazamwa kwa jicho moja, na kinachoweza kuwatenganisha ni nani aliyesema kabla hajaulizwa.

Nikamwambia aandike usiku uleule: GPA kwenye wasifu wangu imeandikwa 3.8, sahihi ni 3.2, mdhamini wa tatu si wangu, naambatanisha wasifu uliosahihishwa, naomba utumike huu. Basi. Alitaka kumtaja kijana wa steshenari, nikamkatalia. Aliyetuma ni yeye, na kusoma kabla ya kutuma lilikuwa jukumu lake.

"Wakinikata je, mjomba?"

Wakikukata kwa 3.2, mwanangu, watakuwa wamekupima wewe. Wakikuchukua kwa 3.8 ya mtu, kila faili lako litakapofunguliwa moyo utakudunda, na utafundishaje watoto wasiibie mtihani?

Waajiri nao nina neno nao. Matangazo ya kazi huonya kwamba atakayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria. Ni haki kabisa. Ila ongezeni mstari mmoja chini yake: masahihisho yatumwe wapi, na mwisho lini. Sasa hivi kijana akitaka kusema ukweli hajui hata amwandikie nani, na wa kumwambia akaushe wamemzunguka pande zote.