Hukumu ya Ulimi

Mtu alaye kwake hushukuru, alaye kwa watu husifu, na alaye kwa fedha yake hupima. Adabu yetu ya pwani humfunga mgeni kinywa asitoe kasoro mbele ya sahani aliyokaribishwa, hata kama chumvi imezidi. Mkahawani adabu hiyo hufunguliwa na sarafu. Aliyelipa huona ana haki ya kusema kwamba wali huu ni bora kuliko ule, na nyama hii ni kavu kuliko ile. Haki hiyo inafika wapi, na ulimi ni hakimu wa namna gani?

Kulinganisha vyakula vya miji si jambo la jana. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, alisimulia kwamba Mogadishu aliletewa wali uliopikwa kwa samli, na vitoweo vya kuku, nyama na samaki, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu, pilipili, tangawizi na maembe. Juu ya Mombasa alisema kwamba chakula kikubwa cha watu wake ni ndizi na samaki. Kijana asomaye habari hizi huamua mara moja kwamba Mogadishu ilishinda. Lakini Mogadishu msafiri yule alikuwa mgeni wa sultani, akilishwa mara tatu kwa siku, na Mombasa alilala usiku mmoja tu. Aliyeketi karamuni katika mji mmoja na kupita njia katika mji wa pili hajalinganisha miji. Amelinganisha bahati zake.

Tuje Malindi, ambako swali hili huulizwa kila jioni. Jua likizama, majiko ya makaa hutolewa kando ya barabara, na moshi wa mishkaki humwita mtu kabla hajamwona mchomaji. Ziko hoteli ndogo za wali wa nazi na samaki wa kupaka, ambaye huchomwa kwanza, kisha hupakwa tui zito lenye viungo na kurudishwa motoni. Iko mikahawa ya Kitaliano, maana Waitalia wamefanya makazi mjini humo kwa miongo mingi. Na ziko nyumba za nyama choma, desturi iliyoshuka kutoka bara, ambamo mlaji huchagua nyama mbichi ikiwa imetundikwa, hupimiwa kwa kilo, kisha huletewa imekatwa vipande juu ya ubao pamoja na kachumbari.

Wanafunzi wangu wawili walibishana juu ya mambo haya. Wa bara alisema mishkaki ni nyama iliyofichwa katika viungo isijulikane ni nyama gani. Mwenzake, mzaliwa wa Malindi, alimjibu kwamba nyama choma ni nyama iliyosahauliwa na mpishi. Tulicheka sana, lakini kila mmoja alikuwa akipima kwa kibaba cha nyumbani kwao. Mishkaki hulazwa katika viungo na papai bichi, ambalo utomvu wake hulainisha nyama, ndipo vipande vidogo viive upesi bila kuwa vigumu. Nyama choma huachwa na mfupa na mafuta yake, ikaiva polepole kwa chumvi tu. Kila moja ina kosa lake. Papai likizidi, mshikaki hulegea kama unga uliokandwa. Na mchoma nyama akiharakisha, nje huungua na ndani hubaki mbichi. Mlaji wa haki huuliza kama mishkaki imetimiza kanuni ya mishkaki. Kuilaumu kwa kuwa haikuwa mbavu za mbuzi ni kumlaumu mvuvi kwa kuwa hakulima.

Je, basi, kila ulimi una sheria yake na hakuna kipimo? David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, aliandika insha juu ya kipimo cha ladha mwaka 1757, na ndani yake alitumia kisa kilichomo katika kitabu cha Cervantes. Watu wawili waliombwa kuonja mvinyo wa pipa moja. Wa kwanza alisema ni mzuri, ila una ladha kidogo ya ngozi. Wa pili alisema ni mzuri, ila una ladha ya chuma. Wote wawili walichekwa. Pipa lilipokwisha, ufunguo uliofungwa kwa ukanda wa ngozi ulionekana chini yake. Ulimi uliozoezwa, basi, hugundua jambo lililomo kweli, ingawa wengi hawalioni.

Nakubali, lakini si kwa yote. Yako mambo yaliyomo sahanini ambayo hayaonekani hata chakula kikiisha. Ulimi hauonji mshahara wa mpishi, wala saa alizosimama mbele ya moto, wala bei aliyolipwa mvuvi ufukweni. Samaki wawili wa ngalawa moja huweza kuachana asubuhi, mmoja akaenda kwa mama akaangaye kando ya njia, wa pili akaenda penye kitambaa cheupe na kuuzwa kwa bei iliyo mara kadhaa ya ile ya kwanza. Huo si wizi. Kodi, barafu, taa na mandhari ya bahari vina gharama, na atakaye kuketi kwa utulivu na wazazi wake ana haki ya kuununua utulivu huo. Ila asirudi akasema samaki wa pale alikuwa mtamu zaidi, kumbe kilichokuwa kitamu ni kiti.

Ubaya wa maneno hayo ni kwamba hulipwa na asiyekuwapo. Mwenye mkahawa mkubwa ana bango na watu wa kumjibia. Mama wa kando ya njia ana wateja wachache, na neno moja la mtu anayeheshimiwa, kwamba pale hapaliki, lamtosha kuzima jiko. Hii haina maana kwamba tunyamaze. Nyama iliyooza imeoza hata ikiuzwa na maskini, na sheria ya Kenya humtaka kila mtayarishaji wa chakula cha kuuza apimwe afya na awe na cheti. Kasoro ya ladha yatosha kuambiwa mpishi. Kasoro ya usafi aambiwe yeye kwanza, na asiporekebisha waambiwe wengine. Wengi wetu hufanya kinyume: humchekea mpishi, hulipa, kisha hutangaza mjini.

Tena riziki ya mpishi haitegemei ulimi peke yake. Kilifi, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, magari yalivushwa kwa kivuko, na abiria waliongoja zamu yao wakinunua korosho kwa wachuuzi. Daraja lilipokuja, hakuna aliyesema korosho zile zimeharibika ladha. Magari hayakusimama tena, basi.

Nao wako walaji wasiolinganisha kabisa. Mchukuzi wa sokoni hula sima na mchunga mahali pale pale kila adhuhuri, kwa sababu mwenye hoteli humwandikia daftarini hadi Jumamosi. Mikahawa ya Kitaliano hupita mlangoni tu, na mzigo kichwani. Lakini katika mwaka amekula pale siku zipatazo 300, na akionja mchuzi hujua kama leo amepika mama mwenyewe au binti yake. Ukitaka habari za hoteli ile, muulize yeye kabla hujaniuliza mimi niliyeingia mara mbili.